Tawasifu ya dada wa Kongwa: sehemu ya pili au toleo jipya?

Mwandishi ninayemzungumzia katika kisa hiki ana miaka 39. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kongwa, sasa anaishi Nzuguni, jijini Dodoma, na ni mhasibu katika taasisi ya umma. Mwaka 2019 alichapisha kwa fedha yake tawasifu ya kurasa 144: jinsi alivyofukuzwa shule kwa mimba mwaka 2003 akiwa kidato cha pili, akauza karanga na maandazi pembeni ya soko la mahindi la Kibaigwa, akarudi kwenye masomo kupitia Mtihani wa Maarifa, huu tuliozoea kuuita QT, na mwishowe akavaa joho Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwaka 2024 aliniletea mswada wa kitabu cha pili niuhariri. Yeye alitaka kujua kitatoka lini. Mimi nilipomaliza kuusoma nilibaki na swali linalotangulia hilo: je, kitabu cha kwanza kinahitaji mwendelezo?

Amekubali kisa hiki kiandikwe bila jina lake. Binti yake naye, ambaye ana sehemu kubwa katika uamuzi wenyewe, ameyasoma maandishi haya kabla hayajatoka.

Kitabu cha kwanza ni kizuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kusikika kama lawama. Sura ya nne inaeleza siku aliyopewa barua ya kufukuzwa. Aliikunja akaichomeka ndani ya daftari la Jiografia, akatembea nayo hadi nyumbani, akamkuta mama yake anatwanga uwele. Mama hakujua kusoma. Akamwambia mwanawe amsomee. Kwa hiyo binti wa miaka 17 akasimama uani akajisomea kwa sauti barua ya kufukuzwa kwake mwenyewe, hadi kwenye sahihi na mhuri, na mama akaendelea kutwanga mpaka uwele ukaisha kinuni. Nimehariri vitabu vingi vya kutia moyo, na sehemu kubwa ya vitabu hivyo husema tu kwamba mwandishi aliumia. Huyu hasemi, anakusomea barua.

Sura ya sita ndiyo iliyomtangaza. Humo anaeleza kanuni aliyojiwekea Kibaigwa akiwa na beseni la maandazi kichwani: usikope hela ambayo jasho la mwezi huo haliwezi kuilipa. Sentensi hiyo imechapwa peke yake katika ukurasa mzima. Anaisema kila anapoalikwa, na kinamama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, huimalizia kwa pamoja kabla hajafika mwisho.

Tangu Serikali ihamie na Dodoma itangazwe kuwa jiji Aprili 2018, mji huu una semina na makongamano wiki hadi wiki, na kitabu chake kilipata uwanja. Hukiuza mwenyewe kwenye meza mlangoni: mahafali ya kidato cha nne, Siku ya Wanawake Machi 8, makongamano ya vijana makanisani. Bei ni shilingi 10,000. Alichapa nakala 1,000, zikaisha, akachapa 1,000 nyingine, na zilizobaki zimejaa maboksi machache chini ya meza yake ya kulia chakula. Dukani zimeuzwa chache sana.

Namna hiyo ya kuuza ina uzito mkubwa katika swali letu, na waandishi wengi hawaipimi. Mtu anayeishi kwa mialiko hukutana na hadhira mpya kila mara. Wanafunzi wa Bahi waliomsikia mwaka jana si hao wa Chemba atakaowakuta mwaka huu. Kwa wale wa Chemba hakuna sehemu ya pili, kwa kuwa hawajaiona ya kwanza. Mwenye noti moja ya elfu kumi atasimama mbele ya vitabu viwili, ataulizia tofauti yake, na atachukua kimoja. Akichukua cha pili atakutana na mwanamke mwenye gari na kiwanja ambaye msomaji hajui alikotoka. Kitabu cha pili hapo kinakula mauzo ya cha kwanza, na mwandishi ameingia gharama ya kuchapa mara mbili ili amuuzie mtu yuleyule nakala ileile moja.

Nilimweleza hivyo. Akanijibu kwa haki kabisa: “Kaka, watu wenyewe ndio wananiomba. Kila nikimaliza kuongea wanauliza sehemu ya pili inatoka lini.”

Nikamwomba akumbuke maneno yao hasa. Hapa ndipo kisa kilipoanza kufunguka. Alipokaa na kuandika anachoulizwa baada ya kuongea, maswali yalikuwa haya: baba wa mtoto aliishia wapi, mama yako alikusamehe lini na kwa maneno gani, mtaji wa kwanza ulitoa wapi, na ada ya QT alilipa nani. Hakuna hata moja linalohusu maisha yake baada ya 2019. Yote yanahusu kitabu cha kwanza, mahali alipopita haraka. Upatanisho na mama yake, yule aliyeendelea kutwanga, umepewa sentensi moja katika sura ya kumi: “Baadaye mama alinielewa.” Msomaji aliyesimama naye uani siku ile anastahili zaidi ya hapo, na hao wanaoomba sehemu ya pili wanadai, kwa sehemu kubwa, kurasa zilizopaswa kuwemo katika ya kwanza.

Sasa mswada wenyewe. Una sura kumi na moja. Sura sita zinasimulia mambo mema yaliyofuata: kiwanja cha Nzuguni na ujenzi wake, kupandishwa cheo, safari za kualikwa Arusha na Mwanza, tuzo, watu wakubwa aliopiga nao picha. Simnyimi furaha yake. Mtu aliyelala kwenye banda la magunia Kibaigwa ana kila sababu ya kueleza anavyojisikia akifungua mlango wa nyumba yake. Tatizo ni kwamba kitabu cha kwanza kilikwishatuambia atafika, naye amefika. Sura hizi hazina jambo linaloweza kwenda kombo, kwa hiyo msomaji hana cha kusubiri. Kilichomfanya mtu afungue ukurasa wa pili mwaka 2019 ni kutojua kama huyu binti atapona.

Halafu kuna sura ya saba.

Ni ukurasa mmoja na nusu. Mwaka 2021 alinunua mashine ya kukamua alizeti, akakodi ghala Kizota. Februari 2022 vita vya Urusi na Ukraine vikaanza, na kwa kuwa nchi hizo mbili ndizo wauzaji wakubwa wa mafuta ya alizeti duniani, bei ya mafuta ya kula ilipanda kila mahali, Tanzania ikiwemo. Yeye akaona nafasi. Mavuno yalipoingia akachukua mkopo wa watumishi, akanunua alizeti kwa bei ya juu, akajaza ghala akisubiri ipande zaidi. Msimu uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka. Wakulima wa Singida na Dodoma walilia, kilio kikafika hadi bungeni. Ghala lake lilikuwa bado limejaa.

Katika ukurasa huo mmoja na nusu kuna magunia yaliyopangwa hadi karibu na bati, harufu ya mbegu zinazoanza kuchacha, na kijana wa mashine anayeuliza kila asubuhi kama awashe au asiwashe, kwa sababu kwa bei ile hata umeme haukurudi. Yupo yeye mwenyewe akiuza mashudu kwa wafugaji wa Nala apate hela ya kumlipa mlinzi. Upo mshahara uliokatwa hadi mwisho unaoruhusiwa kwa mtumishi, kwa hiyo kinachobaki mkononi ni theluthi moja, na theluthi hiyo ndiyo ada na ndiyo mboga. Kisha aya inakatika: “Nilimshukuru Mungu, nikasonga mbele.” Sura ya nane inaanza na safari ya Arusha.

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho nikarudi kwenye kitabu cha kwanza, ukurasa wenye kanuni ya kukopa. Mwanamke aliyeichapa kanuni ile peke yake katika ukurasa mzima aliivunja miaka mitatu baadaye, na bado anailipa. Makato yanaendelea hadi 2027. Wakati wote huo alikuwa anasimama mbele ya kinamama wa VICOBA na wao wanaimalizia sentensi.

Huo, kwa maoni yangu, ndio mwendelezo. Kitabu cha kutia moyo humwahidi msomaji kitu. Ahadi ya kitabu hiki ilikuwa kwamba mtu akishika kanuni chache alizozitoa sokoni, atatoka. Sehemu ya pili inahitajika pale ahadi ile ilipokutana na jambo ambalo kitabu cha kwanza hakikuliona. Kwa nini mtu mwenye akili, mhasibu wa kusomea, aliyewahi kuwa na njaa na akaapa, alivunja kanuni yake mwenyewe? Je, kanuni ilikuwa na kasoro, kwa kuwa biashara ya msimu kama alizeti haiwezi kufanyika kwa jasho la mwezi mmoja? Au kanuni ilikuwa sahihi na tamaa ikamshinda? Mimi sijui jibu lake. Na nilipomuuliza, naye hakuwa na jibu moja.

Lugha yetu ina mfano wa karibu wa tawasifu yenye sehemu mbili. Shaaban Robert, ambaye katika utumishi wake alipata kufanya kazi hapa kwetu Mpwapwa, aliandika Maisha Yangu, kisha Baada ya Miaka Hamsini, na wengi wetu tumevisoma vyote katika jalada moja. Katika cha kwanza ni mume anayefiwa na mkewe Amina, ni mtumishi wa serikali ya kikoloni, ni baba anayewaachia wanawe wosia wa tenzi. Cha pili kimeandikwa na mtu aliyevuka hamsini, na umri huo umebadilisha anachokitazama na anavyokitazama. Nelson Mandela naye alitoa Long Walk to Freedom mwaka 1994, akaanza mwenyewe kuandika kuhusu miaka ya urais, akaiacha kazi kabla haijaisha. Mandla Langa aliikamilisha kutokana na maandishi yale, ikatoka 2017 kwa jina Dare Not Linger. Kupigania uhuru ni jambo moja, kutawala ni jingine, na ndiyo maana kulikuwa na cha kuandika. Kwa wote wawili kulikuwa na swali jipya kabla ya kuwa na kitabu kipya.

Dada yetu swali jipya analo. Amelifungia katika ukurasa mmoja na nusu kwa sababu anaogopa, na hofu yake ina msingi. “Mimi naitwa kutia watu moyo,” aliniambia. “Nikisimama nikasema nadaiwa, nani ataniita tena?” Inawezekana wapo watakaoacha kumwita. Lakini nafikiria wale kinamama wa VICOBA. Karibu kila mmoja katika ule ukumbi ana marejesho ya wiki hii kichwani. Anayewaambia tu kwamba yeye hadaiwi anawaacha pale walipo. Anayeweza kuwaeleza hatua kwa hatua jinsi mtu anavyoingia, anavyomficha mumewe au mwanawe, anavyohesabu theluthi yake, na alichofanya asubuhi ya siku aliyokubali kwamba alizeti haitapanda, huyo anawapa kitu cha kushika. Naliamini hili kwa dhati, na sitabadilisha maoni kwa sababu ya hesabu za mialiko.

Hata hivyo nilimshauri asikitoe sasa. Deni bado liko njiani, ghala limefungwa juzijuzi tu, na mtu aliye katikati ya jambo huandika kwa haraka ya kulimaliza. Ndivyo sentensi ya “nikasonga mbele” ilivyozaliwa. Aandike sura ya saba kwa urefu wake wote, hata ifike kurasa arobaini, aiweke.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo lisiloweza kusubiri, na halimo katika mswada kabisa.

Mwalimu wa malezi wa shule moja ya sekondari wilayani Chamwino alinunua nakala kadhaa kwa ajili ya wasichana wake, akasoma moja, kisha akazifungia zote kabatini. Sababu ni aya iliyo mwishoni mwa sura ya nne. Mwandishi anamwambia msomaji kwamba binti akipata mimba, mlango wa shule ya serikali umefungwa moja kwa moja, asipoteze muda kuugonga, atafute njia nyingine. Mwaka 2003 ndivyo ilivyokuwa: kanuni za mwaka 2002 kuhusu kufukuza wanafunzi ziliruhusu kufukuzwa kwa makosa ya kimaadili, na mimba ilihesabiwa humo. Mwaka 2019 alipochapa kitabu bado ndivyo ilivyokuwa. Lakini Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wajawazito wakiwemo, wanaweza kurudi baada ya kujifungua, na ukatoka Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021. Kitabu kimeendelea kuuzwa kikisema mlango umefungwa.

Fikiria binti wa miaka 16 anayekisoma leo. Anamwamini mwandishi kuliko anavyomwamini afisa elimu, kwa sababu mwandishi yamemkuta. Akiambiwa na mtu huyo asigonge, hatagonga. Kitabu kilichoandikwa kumwinua kinamzuia nje ya darasa ambalo Serikali imeshamruhusu aingie. Nilipompelekea dada hoja ya mwalimu yule hakujitetea hata kidogo. Alinyamaza kwenye simu, kisha akaniuliza maboksi yaliyobaki ayafanye nini.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa toleo jipya la kitabu cha zamani. Aya ile inabaki kama ushuhuda wa hali ilivyokuwa, lakini chini yake kuna maelezo ya nini kimebadilika na binti aende wapi: arudi shule kwa waraka huo, au kama umri na hali haviruhusu, afuate njia mbadala kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Upatanisho na mama unaandikwa upya kwa urefu. Mama yu hai, ana kumbukumbu nzuri, na ameeleza kwa nini hakuacha kutwanga siku ile: aliogopa kwamba akisimamisha mikono atampiga mtoto. Hilo halikuwemo popote, hata katika mswada wa pili. Swali la mtaji linajibiwa. La baba wa mtoto halijibiwi, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwa upande wa uchapaji kazi ni nyepesi. Kurasa za kitabu hupangwa kwa mafungu ya 16, na kurasa 144 ni mafungu tisa kamili. Tunaongeza fungu moja, zinakuwa 160, na gharama ya nakala moja inapanda kidogo tu ikilinganishwa na kuchapa kitabu kizima kipya. Kwa kuwa maandishi yamebadilika, hatuwezi kutumia namba ya ISBN ya mwanzo kama ambavyo angefanya mtu anayechapa tena bila kugusa kitu. Namba mpya inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Maboksi yaliyobaki hayatupwi. Kila nakala inawekewa karatasi ya marekebisho kabla ya kuuzwa, na mwalimu wa Chamwino amezitoa zake kabatini baada ya kupata karatasi hizo.

Imebaki habari ya binti. Katika kitabu cha kwanza yumo kama mimba, kisha kichanga, kisha picha ukurasa wa 61 akiwa na miezi mitatu, kofia ya sufu kichwani. Sasa ana miaka 21, anasoma chuo hapahapa Dodoma, na wenzake darasani humwita “mtoto wa kitabu”. Hakuna aliyemuuliza mwaka 2019. Alikuwa na miaka 15, na hata angeulizwa angejibu nini mbele ya mama yake? Mswada wa pili una sura ya tisa inayomhusu yeye tu: alivyofeli kidato cha nne mara ya kwanza, mvulana fulani, ugomvi wa usiku mmoja ambapo mama alihofia historia inajirudia. Imeandikwa kwa upendo mkubwa. Ni sura bora kuliko zote katika mswada ukiondoa ile ya saba. Na haikuwa ya mama kuitoa peke yake.

Waandishi wa tawasifu husahau kwamba watu wa sehemu ya kwanza hukua. Mtoto ambaye hakuwa na kauli sasa ana rafiki, ana mchumba pengine, ana mwajiri wa kesho atakayemtafuta kwenye simu. Nilisisitiza asome sura ya tisa kabla ya mimi kuigusa tena. Mama alisita, kisha akampa.

Binti alirudi na masharti. Picha ya ukurasa wa 61 itolewe katika toleo jipya, nayo imetolewa. Habari za baba yake zisiandikwe, kwa kuwa sasa wanazungumza na hataki mazungumzo hayo yavurugwe na kitabu. Limekubaliwa pia, na mama amesema akiulizwa ukumbini atajibu kwamba hilo ni la mwanawe. Katika sura ya tisa alikata aya tatu kwa kalamu nyekundu. Mbili mama amekubali kuzifuta. Ya tatu, ile ya ugomvi wa usiku, bado wanavutana: mama anasema ndiyo moyo wa sura, binti anasema maneno aliyoyatamka usiku ule alikuwa na miaka 17 na hataki yachapwe. Nimewaambia wote wawili kwamba kwangu neno la binti ndilo linaloamua, na kama mama hataki sura bila aya hiyo, basi sura nzima itoke. Toleo jipya linaenda kwa mchapaji kwanza. Mswada wa pili uko kwa mwandishi, na sura ya saba imefika ukurasa wa kumi na nane.